Saladi Inayoshibisha: Maneno kwa Wamama na Wababa wa Kadutu

Maneno haya niliyasema Kadutu, hapa Bukavu, mwezi wa Machi, mbele ya wamama na wababa waliobaki baada ya misa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pamoja na majibu niliyowapa wale waliouliza.

Jambo yenu wamama, jambo yenu wababa. Na ninyi vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, meza hii ni ya wote.

Tangu asubuhi mnaiona sufuria hii juu ya mbabula, na harufu ya maharage imewafikia hata kabla ya misa kuisha. Mama mmoja pale mlangoni ameniuliza: "Walitutangazia saladi, sasa maharage ya nini?" Mama, swali lako ndilo lililonileta hapa.

Kwetu Bukavu saladi ni kitu cha harusi. Inaletwa kwenye sinia refu, viazi na karoti vimekatwa vidogovidogo, betarave pembeni, mayoneze juu imechorwa maua. Unachota kijiko kimoja, unaendelea kwenye wali na nyama. Au ni majani mawili matatu na kipande cha tomati chini ya samaki, ili sahani ipendeze. Siku ya kawaida nyumbani, nani kati yetu anaandaa saladi? Baba akirudi akikuta sahani ya majani atauliza chakula kiko wapi, na ana haki ya kuuliza. Mtu aliyebeba magunia kutoka Beach Muhanzi, kule chini ziwani, akapanda nayo mpaka huku Kadutu hawezi kulala kwa majani. Shu, yaani kabichi, ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Tomati pia, na konkombre pia. Ukijaza tumbo kwa vitu hivyo peke yake, baada ya saa moja linadai tena.

Kwa hiyo leo nataka tuandae saladi ambayo ni chakula kamili. Ukiila saa saba mchana inakufikisha jioni, na bugali usipoiona siku hiyo hutaidai. Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na ninaamini kabisa kwamba sahani hii inaweza kutusaidia hapa mjini, kwa sababu karibu kila kitu kilicho ndani yake kinalimwa kwenye milima hii au kinavuliwa katika ziwa hili.

Tuanze na maharage, maana ndiyo yanayobeba saladi yote. Haya ni ya sezoni A, yale yanayovunwa Walungu na Kabare mwanzoni mwa mwaka. Niliyaloweka jana jioni, na asubuhi nikayamwaga yale maji. Wengi wenu hamloweki, mnasema ni kazi ya bure. Sikilizeni sababu yake. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Uso wa ziwa lenyewe uko kwenye mita 1,460 hivi. Kwa urefu huu maji hayafiki digrii 100 ndipo yachemke. Yanachemka kwenye digrii kama 95. Unaona sufuria inatokota sawasawa, kumbe joto lake ni dogo kuliko la sufuria ya mtu aliye bondeni. Ninyi mlioolewa hapa kutoka Uvira mnajua: maharage yaleyale yanaiva upesi kule, hapa yanakula makala, makaa ya jiko, mpaka unachoka. Kuyaloweka usiku mzima kunakurudishia sehemu ya makala hayo.

Na kuna jambo la pili, hili msilisahau. Maharage mekundu ambayo hayajaiva yana sumu yake ya asili. Inatapisha na inaharisha. Inavunjika kwa kuchemka kwa nguvu, haivunjiki kwa kukaa tu katika maji ya moto. Kwa hiyo yaacheni yatokote kwa nguvu nusu saa nzima kwanza, ndipo mpunguze makala na kuyaacha yaive polepole. Yakiwa tayari, harage linapondeka kati ya vidole viwili lakini ganda lake bado ni zima. Kwa saladi tunataka hivyo. Yakipasuka yote tutakuwa na supu.

Vikombe viwili vya maharage makavu, kama gramu 400, vinatosha watu 6. Ndani yake mna protini kama gramu 85, maana yake kila mtu anapata kama gramu 14. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku. Sasa linganisheni na unga wa mihogo: gramu 100 za unga huo hazifikishi hata gramu 3 za protini.

Ninaposema protini, ninawaona watoto. Wazee wetu wa Bushi walikuwa na jina la ugonjwa: bwaki. Miguu inavimba, uso unakuwa wa mviringo, nywele zinageuka nyekundu, na mtoto hacheki tena, anakutazama tu. Waganga wa hospitali wanauita kwashiorkor. Neno hilo ni la Kiga, lugha ya Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyeliingiza katika maandishi ya tiba miaka ya 1930. Huko kwao ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa, kwa sababu anaondolewa kwenye ziwa la mama. Hapa kwetu watoto wa bwaki wametibiwa katika hospitali ya Lwiro kwa miaka mingi sana. Chanzo chake si kimoja. Kuna maradhi ya kuharisha, kuna uchafu wa maji, kuna mengi. Lakini watoto niliowapokea mimi mikononi, wengi wao hawakuwa wamelala njaa. Walikuwa wanakula kila siku. Walikula bugali ya mihogo na mchuzi, kesho tena bugali ya mihogo na mchuzi. Mama zao walilia wakiniambia, "Lakini alikuwa anamaliza sahani!" Ndiyo maana siwezi kuzungumzia shibe bila kuzungumzia kile kinachoshibisha.

Baada ya maharage, viazi. Kilo moja, vichemshwe na maganda yake, vimenywe vikiwa na uvuguvugu. Kuna watu wanaovidharau viazi, wanasema havina nguvu kama bugali. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo chenye nguvu sawa, halafu kila dakika 15 wakawauliza wanasikia shibe kiasi gani, kwa muda wa saa mbili. Kilichoshinda vyote kilikuwa viazi vya kuchemsha. Vilishibisha zaidi ya mara tatu kuliko mkate mweupe. Viazi vya kuchemsha, nimesema. Vikiingia kwenye mafuta na kuwa chipsi, hesabu inabadilika.

Sasa tufike kwenye mboga, na hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mboga mbichi inanitia hofu katika mji huu. Kipindupindu kiliingia upande huu wa nchi miaka ya 1970 na hakijaondoka kwenye maziwa yetu, wala Kivu wala Tanganyika. Ninyi wazee mnakumbuka Julai 1994, Goma, jinsi watu walivyokufa kwa maelfu ndani ya wiki chache. Mboga nyingi tunazonunua zimelimwa mabondeni, zimemwagiliwa maji ya mfereji, na kabla ya kufika sokoni zimeoshwa mtoni au ziwani ili zing'ae. Unanunua karoti inayong'aa ukidhani ni safi, kumbe imeoga maji ambayo wewe mwenyewe usingeyanywa.

Msifikiri ninawaambia muache mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wengi wetu hatufiki hata nusu. Ninachowaambia ni kwamba saladi si lazima iwe mbichi. Hakuna sheria hiyo. Saladi ni vitu vilivyokatwa, vikachanganywa, vikatiwa kitu kichachu na mafuta. Moto unaruhusiwa.

Tazameni ninavyofanya. Shu hii nusu nimeikata vipande virefu. Maji yanachemka kwa nguvu. Ninaitumbukiza, ninahesabu mpaka 60 bila haraka, ninaitoa. Bado inalia ukiitafuna, rangi yake imekuwa nzuri kuliko mwanzo, na vijidudu vya kipindupindu havivumilii maji yanayochemka, hata haya yetu ya digrii 95. Ninaipoza kwa maji niliyoyachemsha jana usiku, yamelala kwenye bidoni yenye kifuniko. Wale mnaochota ziwani, mahali ambapo wahudumu wa afya wanawatilia klorini kwenye bidoni, maji hayo pia yanafaa, mradi mmesubiri nusu saa kama wanavyowaagiza.

Karoti: zioshe, zimenye, zikwaruze, basi. Tomati: nusu dakika kwenye maji yaleyale ya moto, ganda linajivua lenyewe. Kitunguu: menya, kata vipande vyembamba kabisa, kitie chumvi na ndimu kikae kando, ukali wake utapungua. Lengalenga, yaani mchicha, ikipatikana, ichemshe dakika mbili tatu, kamua maji, ikate. Majani ya saladi yenyewe, yale yanayouzwa kwenye mabeseni, mimi ninayaacha. Mwenye kuyapanda nyumbani kwenye gunia la udongo, akayamwagilia maji anayoyajua, huyo ayale kwa furaha. Ya sokoni, hapana.

Nitawaambia jambo lililonipata, kwa sababu sitaki limpate mwingine. Miaka ya nyuma nilipewa kazi ya kuandaa saladi ya harusi katika ukoo wetu. Niliamka saa kumi usiku. Saa mbili asubuhi ilikuwa tayari, nzuri, na mayoneze ya mayai mabichi niliyoipiga kwa mkono wangu. Misa ikachelewa, picha zikachelewa, watu wakaketi kula saa kumi jioni. Sinia lilikuwa limekaa saa 8 kwenye meza, jua likipita dirishani. Usiku huohuo watoto wawili wa dada yangu walitundikiwa serumu, na wakubwa wengi hawakulala. Nilikuwa nimekwisha kusomea uuguzi. Nilijua kwamba chakula chenye yai bichi kisikae nje zaidi ya saa mbili. Nilijua, ila siku ile nilitazama uzuri wa sinia. Watoto walipona, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo mayoneze haijaingia katika saladi yangu, na mchuzi ninautia wakati watu wamekwisha kunawa mikono.

Basi tuje kwenye mchuzi huo. Kwenye bakuli hili nimekamulia ndimu mbili, nimetia chumvi kijiko kimoja kidogo, na karanga zilizokaangwa bila mafuta, zikatwangwa mpaka zikaanza kutoa mafuta yao. Halafu vijiko vinne vikubwa vya mafuta. Ukipenda pilipili, tia. Pilipili yetu inatosha, haina haja ya vikube vya supu. Vikube hivyo ni chumvi tupu kwa sehemu kubwa, na mtu mzima hapaswi kupita gramu 5 za chumvi kwa siku. Kijiko chetu kile kidogo, kikigawanywa kwa watu 6, hakimwumizi mtu.

Mafuta msiyaogope katika saladi. Karoti, tomati na lengalenga zina kile kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ile ya macho na ya ngozi, lakini hakipiti tumboni bila mafuta. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, waliwalisha watu saladi ya mboga hizohizo kwa michuzi tofauti. Waliokula mchuzi usio na mafuta kabisa, damu yao haikupokea karibu chochote. Karoti iliingia na kutoka. Kwa hiyo mama anayempa mtoto karoti kavu anafanya kazi nusu.

Na sisi tuna avoka! Gramu 100 za avoka zina mafuta kama gramu 15 na nyuzinyuzi karibu gramu 7, na nyuzinyuzi hizo ndizo zinazolifanya tumbo lifanye kazi taratibu. Msimu wake ukifika zinaanguka chini ya miti huko Kabare na Kalehe mpaka mbuzi wanazila. Mbili kubwa zinatosha sahani yetu. Mwenye avoka apunguze mafuta ya chupa, vijiko viwili vitafaa. Mafuta ya ngazi, yaani ya mawese, nayo yanafaa, yale mekundu ya Fizi, tena yenyewe yana hicho kinachogeuka vitamini A. Ila kwa baridi yetu yanaganda. Yapasheni kidogo, kisha muyamwage juu ya maharage na viazi vikiwa bado na moto, vitayanywa.

Kitu cha mwisho kabla ya kuchanganya: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Ninyi vijana huenda mnadhani samaki hawa wamekuwa ziwani tangu Mungu alipoliumba. Hapana. Waliletwa kutoka Tanganyika na kutiwa katika Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo wazazi wetu hawakuzijua taa zile za usiku, mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu na wavuvi wanaoimba. Mimi ninapenda sambaza zilizokaushwa, nikazioka juu ya moto mdogo mpaka zikakauka kabisa, kikombe kimoja kilichojaa. Mnazila nzima, na kichwa na mifupa, na ndani ya mifupa hiyo mna kalisi ya mifupa yenu. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawapati kitu na bei inapanda. Siku hizo chukueni ndagala kutoka Uvira, au ongezeni karanga. Mayai ya kuchemsha pia ni mazuri kwa anayeweza.

Sasa tunachanganya. Maharage na viazi vya moto kwanza, pamoja na nusu ya mchuzi, tuviache kama dakika 10 vinywe. Kisha shu, karoti, lengalenga, kitunguu na ndimu yake. Tomati na avoka ziingie mwisho, kwa mkono mwepesi, zisipondeke. Sambaza juu kabisa, zibaki kavu na zilie mdomoni. Nusu ya mchuzi iliyobaki mnaimwaga mezani.

Mmeniuliza maswali, nitayajibu kwa haraka kwa sababu maharage yanapoa.

Baba wa pale ameuliza bei. Baba, vitu vya sahani hii karibu vyote mama anavinunua hata hivyo kwa wiki, ila kila kimoja siku yake. Kinachoongezeka ni ndimu na avoka. Barabara zikifungwa na viazi vikapanda, tieni ndizi za kuchemsha au viazi vitamu mahali pake. Maharage msiyapunguze.

Kijana mmoja ameuliza kama sombe mbichi inaweza kukatwa ndani. Hapana, mwanangu, kamwe. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu ya sayanidi; mama zetu hawakuyatwanga na kuyapika saa nyingi kwa bahati.

Mama mjamzito ameuliza juu ya damu, maana ameambiwa damu yake ni kidogo. Mama, vidonge vya kliniki endelea navyo. Chuma kilichomo katika maharage kinaingia mwilini kwa uzito, lakini ndimu inakifungulia njia. Hiyo ni kazi nyingine ya ndimu mbali na utamu. Chai inaifunga njia hiyo. Chai yako inywe saa moja au mbili baada ya chakula, usiinywe pamoja nacho. Na ukisikia mtu anauza mbegu za maharage yenye chuma nyingi, zile ambazo watafiti wa kilimo wa INERA kule Mulungu wamezifanyia kazi, nunua hata kikombe kimoja upande nyuma ya nyumba.

Na mtoto wa mwaka mmoja? Anakula sahani hiyohiyo. Chukua maharage, kiazi na avoka kutoka sehemu yake kabla hujatia chumvi na pilipili, ponda kwa uma, saga sambaza mbili tatu ziwe unga na unyunyize. Karanga zisagwe laini kabisa kwake, asije akapaliwa na punje nzima.

Basi. Ndoo ya maji yenye bomba iko kando ya mlango, na sabuni iko juu ya kifuniko chake. Wamama wenye watoto wadogo watangulie, wazee wafuate, vijana mshike mstari. Sahani ziko hapa. Avoka ninaikata sasa hivi, mbele yenu, na mchuzi nitaumwaga wa mwisho atakapokuwa amenawa.